Sili za Kalipa: Raba Ndogo Inayoshika na Kuachia Breki

Kalipa ya breki ya diski ni bonge la chuma lililoikumbatia diski, na ndani yake mna pistoni zinazosukuma pedi. Kati ya kila pistoni na tundu lake kuna pete ya raba yenye pande nne, iliyolala ndani ya mfereji mwembamba uliochongwa kwenye ukuta wa tundu. Pete hiyo ndiyo sili. Mwenye gari anaweza kumaliza miaka 20 bila kuiona kwa macho, lakini kila anapokanyaga breki ni sili inayozuia mafuta yasitoroke, na kila anapoinua mguu ni sili hiyo hiyo inayoirudisha pistoni nyuma.

Kazi hii ya pili haifahamiki sana, nayo ndiyo inayoeleza matatizo mengi ya breki za magari ya zamani. Breki ya drumu ina springi za kurudisha viatu vyake. Kalipa haina springi ya namna hiyo. Mafuta yanapoisukuma pistoni, sili huing'ang'ania: ukingo wake wa ndani hufuatana na pistoni huku mgongo wake ukibaki mferejini, na raba ikapinda. Ufutio uliosimamishwa mezani na kusukumwa kichwani kwa kidole hufanya vivyo hivyo. Juu huinama, chini hubaki palepale, na kidole kikiondoka unarudi wima. Shinikizo likiisha, sili hujinyoosha na kuivuta pistoni nyuma kwa sehemu ndogo ya milimita. Nafasi hiyo, ingawa haionekani kwa macho, inatosha pedi kuiachia diski. Pedi zikilika, na safari ya pistoni ikawa ndefu kuliko sili inavyoweza kupinda, pistoni huteleza mbele kidogo ndani ya sili na kushikwa mahali papya. Ndiyo maana breki za diski hazihitaji kukazwa mara kwa mara, na ndiyo maana mafuta kwenye chupa yake hushuka polepole kadiri pedi zinavyokwisha, hata kama hakuna tone lililovuja.

Nguvu inayopita hapo ni kubwa. Pistoni yenye kipenyo cha milimita 43 ina uso wa karibu sentimita za mraba 14.5. Mafuta yakiisukuma kwa shinikizo la baa 50, pistoni hiyo moja huikandamiza pedi kwa nguvu inayozidi uzito wa kilo 700. Kinachoyazuia mafuta hayo yasichomoke pembeni ni raba yenye unene wa milimita chache tu.

Kwa magari ya barabara mbaya, Range Rover la mwaka 1970 lilitoka kiwandani likiwa na diski kwenye magurudumu yote manne. Land Rover la kazi lilisubiri hadi One Ten ya mwaka 1983 ndipo likapata diski mbele, huku nyuma likibaki na drumu. Kwa upande wa Toyota, Land Cruiser za mfululizo wa 60, zilizoanza mwaka 1980, na za mfululizo wa 70, zilizoanza mwaka 1984, zilijijengea jina kubwa Afrika Mashariki kwa ugumu wake, nazo kwa kawaida zina kalipa isiyocheza kwenye magurudumu ya mbele: imefungwa kwa bolti kwenye kichwa cha ekseli, na ina pistoni nne, mbili upande huu wa diski na mbili upande ule. Kalipa ya gari dogo la mjini kwa kawaida huwa na pistoni moja au mbili upande mmoja tu, na mwili wake huteleza juu ya pini. Kwa hiyo kubadilisha sili za mbele za Land Cruiser ya zamani ni kushughulika na pistoni nane, sili nane na raba nane za kuzuia vumbi. Ni kazi ya siku nzima kwa fundi anayeifanya kwa utulivu, na ni vizuri aifanye kwa utulivu.

Sili huharibika kwa njia kadhaa, na mara nyingi njia hizo husaidiana. Umri peke yake hutosha. Raba hukauka na kupoteza unyumbufu wake. Haijapasuka, haijavuja, lakini haina tena uwezo wa kupinda na kujinyoosha. Pistoni husukumwa mbele vizuri kisha haina wa kuirudisha, na pedi hubaki zikiikwaruza diski safari nzima. Gari lililoegeshwa muda mrefu kwenye yadi ya mradi au uani halisalimiki, maana mafuta ya breki ya kawaida, yale ya DOT 3 na DOT 4, yana tabia ya kunyonya unyevu wa hewa. Maji hayo hufika hadi ndani ya kalipa na kuanza kuila pistoni na mifereji.

Maji yana madhara mengine. Mafuta ya DOT 3 yakiwa mapya yanapaswa kustahimili angalau nyuzi 205 za Selsiasi kabla ya kuchemka, lakini yakishanyonya maji kiasi cha asilimia 3 hadi 4 kiwango kinachotakiwa ni nyuzi 140 tu. Kwa DOT 4 viwango hivyo ni 230 na 155. Land Cruiser lililojaa abiria na mizigo likiteremka Kitonga, au barabara ya Lushoto kuja Mombo, au ukingo wa Bonde la Ufa kuelekea Mai Mahiu, huzipasha joto kali sana diski zake. Ikiwa pedi haziachii vizuri kwa sababu sili imekufa, joto hilo halipati nafasi ya kupoa kati ya kona na kona. Mafuta yakichemka hugeuka mvuke, mvuke hubonyea, na pedali huzama hadi sakafuni bila gari kupunguza mwendo.

Halafu kuna vumbi. Mdomoni mwa kila pistoni kuna raba ya pili, nyembamba, ambayo kazi yake ni kuzuia mchanga, tope na maji ya mito inayovukwa. Raba hiyo ikichanika, uchafu hukaa juu ya pistoni, unyevu hufuata, na kutu huanza. Chumvi ya pwani huiharakisha kutu hiyo. Gari linaloendeshwa ufukweni bila kuoshwa chini kwa maji baridi hulipa gharama mapema zaidi. Kutu hujijenga pia ndani ya mfereji, nyuma ya sili, ikaisukuma raba iibane pistoni kutoka mgongoni. Hapo pistoni hukwama kabisa, na fundi anayebadilisha sili bila kuusafisha mfereji huikuta pistoni imekwama tena baada ya muda mfupi.

Adui mbaya kuliko wote, hata hivyo, humiminwa na mkono wa binadamu. Raba za breki zimetengenezwa zielewane na mafuta ya breki ya glikoli, nazo hazivumilii kitu chochote kitokanacho na mafuta ya petroliamu. Oili ya injini, mafuta ya stelingi, dizeli, mafuta ya taa na grisi ya kawaida huifanya raba ivimbe, ilainike na kupoteza umbo lake. Kuongeza oili ya namna hiyo kwenye chupa ya breki kwa sababu duka lililo karibu halina mafuta yake ni kosa linalogharimu mfumo mzima: masta silinda, mipira ya breki, silinda za drumu za nyuma na kalipa zote mbili, kwani oili hiyo husambaa kila mahali, na kuitoa tu hakuiponyi raba iliyokwisha kuinyonya. Desturi ya gereji nyingi ya kuosha vipuri kwa petroli au mafuta ya taa inafaa kwa gia na beringi. Kwa breki haifai hata kidogo. Breki huoshwa kwa spiriti, kwa dawa maalumu ya kusafishia breki, au kwa mafuta mapya ya breki.

Dalili za sili mbovu huonekana mapema kwa anayeziangalia. Tone la mafuta kwenye upande wa ndani wa tairi ni dalili ya wazi, lakini huja mwishoni. Kabla ya hapo rimu moja huwa ya moto kuliko mwenzake baada ya safari isiyo na breki nyingi. Gari huvuta upande mmoja: likiwa linatembea tu, huvuta kuelekea gurudumu lililoshikwa, breki ikikanyagwa huku pistoni za upande mmoja zimekwama zisisukume, huvuta kuelekea upande unaofanya kazi. Pedi hulika kwa upogo, moja imebaki nusu na nyingine imefika kwenye chuma. Dizeli huisha haraka, na dereva hulaumu injini.

Kabla ya kufungua kitu ni busara kuhakikisha kwamba kosa ni la kalipa kweli. Gurudumu huinuliwa kwa jeki, breki hukanyagwa mara kadhaa na kuachiwa, kisha gurudumu huzungushwa kwa mkono. Kama ni gumu, nipeli ya kutolea upepo kwenye kalipa hufunguliwa kidogo. Mafuta yakiruka na gurudumu likalegea papo hapo, basi pistoni ni nzima ila shinikizo lilikuwa limefungiwa njiani, na mshukiwa ni mpira wa breki uliovimba ndani au masta silinda. Mpira wa zamani unaweza kuonekana safi kwa nje huku tundu lake limeziba: mguu wenye nguvu hupitisha mafuta kwenda, lakini hayarudi. Gurudumu likibaki gumu hata nipeli ikiwa wazi, pistoni zimekwama, na kazi iko ndani ya kalipa.

Beringi za gurudumu nazo hudanganya. Beringi zilizolegea huiacha diski iyumbe, diski ikazisukuma pistoni nyuma barabara ikiwa mbaya, na mkanyago wa kwanza ukawa mrefu, wa pili ukawa wa kawaida. Wengi hudhani ni upepo kwenye mafuta. Gurudumu likishikwa juu na chini na kutikiswa, ukweli hujulikana kwa dakika moja.

Vipuri vinunuliwe kabla gari halijafunguliwa. Jina la gari peke yake halitoshi dukani, awe mnunuzi yuko Kariakoo au Kirinyaga Road. Mfululizo wa 70 umetengenezwa kwa miongo mingi, na breki zake zimebadilika njiani. Mwaka 1999, kwa mfano, ulipofanyiwa marekebisho makubwa, rimu za nati 6 zilibadilishwa na za nati 5 na breki za mbele zikabadilika pia. Cha kumpa muuzaji ni namba ya chesisi na mwaka, pamoja na kipenyo cha pistoni kama kinajulikana. Seti kamili ya ukarabati huwa na sili za pistoni, raba za vumbi na pete za waya zinazozishikilia, na nyingine huja na kipakiti cha grisi ya raba. Sili nzuri ina kingo kali, za mraba, na uso laini usio na mshono unaoonekana. Iliyoviringika kingo, au inayoacha weusi vidoleni, irudishwe dukani. Bei ya seti halali ni ndogo sana ikilinganishwa na bei ya kalipa mpya, achilia mbali bei ya ajali, na hapa si mahali pa kubana shilingi. Vilevile pande zote mbili za ekseli hufanywa pamoja, hata kama upande mmoja tu ndio unaosumbua, kwa kuwa raba zina umri mmoja, na breki zisizolingana kushoto na kulia ni hatari kwenye barabara yenye utelezi.

Gari huwekwa mahali tambarare, magurudumu ya nyuma huzuiwa kwa magogo au mawe makubwa, na ekseli hukalishwa juu ya stendi imara. Jeki ni ya kuinulia. Kufanya kazi chini ya gari lililoshikiliwa na jeki peke yake ni kuuchezea uhai. Vumbi la pedi halipulizwi kwa kompresa wala kwa mdomo, maana pedi za zamani zinaweza kuwa na asbesto. Huloweshwa na kufutwa kwa kitambaa.

Nati ya paipu ya chuma inayoingia kwenye kalipa ndiyo huwasumbua mafundi wengi. Ni laini, imekula kutu, na spana ya kawaida huizungusha ikaviringika. Dawa ya kulegezea kutu ipuliziwe usiku mmoja kabla, mbali na pedi na diski, na spana itumike ile inayoikumbatia nati karibu pande zote. Nipeli nayo ijaribiwe mapema kabisa. Ikikatikia ndani ya kalipa ni afadhali ijulikane gari likiwa bado halijafunguliwa kuliko jioni ya siku ya kazi, maduka yakiwa yamefungwa.

Pistoni hutolewaje? Njia salama kuliko zote ni kuyatumia mafuta ya gari lenyewe. Pini za pedi huchomolewa, pedi hutolewa, na kalipa huachwa ikiwa bado imeungwa kwenye mpira wake. Msaidizi hukanyaga pedali polepole na pistoni huanza kutoka. Tatizo la kalipa ya pistoni nne ni kwamba iliyo huru hutangulia, na ikishachomoka shinikizo lote hupotea huku iliyokwama ikibaki ndani. Kwa hiyo zilizo huru huzuiwa kwa klempu au kwa ubao uliokatwa kwa kipimo, ili nguvu ielekee kwenye ile ngumu. Zote zikishasogea karibu na mdomo, paipu hufunguliwa, mwisho wake huzibwa, kalipa hushushwa, na pistoni hutolewa kwa mkono mezani. Chini ya pedali huwekwa kipande cha ubao kisiiruhusu kufika sakafuni. Sababu yake ni hii: kwenye gari la zamani sehemu ya mwisho ya masta silinda haijawahi kupitwa na raba zake kwa miaka, ina kutu na ukakasi, na mkanyago mmoja wa kuzama unaweza kuzichana raba ambazo zilikuwa nzima asubuhi.

Gereji nyingi hutumia kompresa. Hufaa, lakini upepo uliobanwa huirusha pistoni kama risasi, na kidole kilicho kati ya pistoni na ukuta wa kalipa huvunjika. Anayeitumia aweke ubao mnene katikati, aanze na upepo mdogo, na mikono ikae mbali. Wengine husukuma pistoni kwa pampu ya grisi iliyofungwa kwenye tundu la paipu. Nguvu yake ni kubwa na haina kishindo, lakini grisi hiyo hutokana na petroliamu, na lazima iondolewe yote, hadi kwenye vijia vidogo vinavyounganisha tundu na tundu.

Kalipa hizi zimeundwa kwa nusu mbili zilizofungwa kwa bolti kubwa. Ni rahisi kushawishika kuzifungua ili kazi iwe nyepesi. Vitabu vya ufundi vya Land Rover huonya zisitenganishwe, na onyo hilo lifuatwe na kwa nyinginezo: kati ya nusu hizo kuna pete ndogo ya raba kwenye njia ya mafuta, ambayo mara nyingi haimo kwenye seti, na bolti zake zinahitaji mkazo maalumu. Nafasi iliyopo inatosha kufanya kila kitu bila kuzigusa.

Sili ya zamani hutolewa kwa kijiti cha mti au cha plastiki, au kipande cha shaba nyeupe kilichochongwa. Bisibisi na msumari havitumiki, kwa sababu mkwaruzo mmoja kwenye mfereji ni mlango wa kuvujia. Hapa inafaa kuelewa jambo ambalo hata mafundi wazoefu hulichanganya. Katika masta silinda na silinda za drumu, raba imevikwa kwenye pistoni na inasugua ukuta, hivyo ukuta ndio unaotakiwa uwe laini kama kioo. Katika kalipa ni kinyume chake. Raba imetulia kwenye ukuta na pistoni ndiyo inayopita ndani yake, kwa hiyo uso wa pistoni ndio unaoziba. Doa dogo la kutu kwenye ukuta, nje ya mfereji, husafishwa kwa brashi laini na si tatizo. Kishimo kidogo kama kichwa cha pini kwenye kromu ya pistoni, mahali sili inapopita, kinatosha kuitupa pistoni hiyo. Kuisugua kwa msasa hakusaidii. Msasa huondoa kromu iliyobaki na kuacha chuma tupu kwa ajili ya kutu. Pistoni za chuma kisichoshika kutu zinapatikana kwa magari mengi ya aina hii, nazo zinastahili gharama yake kwa gari la pwani au linalovuka mito.

Mfereji husafishwa hadi uonekane chuma chake halisi, pembe zote mbili pamoja na sakafu yake. Kazi hii inachosha. Ni ya kijiti, kitambaa na spiriti, tena na tena, katika matundu manane, na ubora wa ukarabati mzima unaamuliwa hapa kuliko mahali pengine popote. Kutu ikiwa imeula mfereji hadi ukawa na vishimo, kalipa haifai tena kukarabatiwa na itafutwe nyingine.

Vipuri vikishakuwa safi na vikavu, kuunganisha ni kwepesi. Sili mpya huchovywa kwenye mafuta mapya ya breki au kupakwa grisi maalumu ya raba, kisha huingizwa mferejini kwa vidole na kukaguliwa kwa kupitisha kidole kuizunguka isije ikawa imejikunja. Pistoni hupakwa vivyo hivyo na kusukumwa kwa vidole gumba viwili ikiwa imenyooka kabisa. Inayoingia vizuri huonyesha ukinzani kidogo inapokutana na sili, kisha hushuka polepole na kwa usawa. Inayogoma imekaa upande. Itolewe na kuanzwa upya, isigongwe kwa nyundo. Raba ya vumbi hufuata, pamoja na pete yake ya waya kwa Land Cruiser. Kwa Land Rover nyingi kizuia vumbi hushikiliwa na pete ya bati inayobanwa kwenye mdomo wa tundu, nayo ishindiliwe sawasawa pande zote.

Kalipa hurudishwa upande wake ule ule. Kushoto na kulia zinaweza kufanana na kuingia vizuri zikibadilishana, lakini nipeli itakuwa chini, na upepo, ambao siku zote hupanda juu, hautatoka hata fundi akipitisha chupa kumi za mafuta. Bolti hukazwa kwa spana ya kupimia mkazo, kwa kiwango kilichoandikwa kwenye kitabu cha gari husika. Diski yenyewe hupimwa kabla ya kufunikwa, kwani unene wa chini unaokubalika mara nyingi umegongwa kwenye chuma chake. Pedi zilizolowa mafuta ya breki au grisi hazirudishwi; hakuna kuosha kunakozirejeshea mshiko wake kwa uhakika.

Kutoa upepo hufanywa na watu wawili. Mpira mwembamba unaopitisha mwanga huvikwa kwenye nipeli, na ncha yake huzamishwa kwenye chupa yenye mafuta kidogo. Mmoja hukanyaga taratibu hadi kwenye ubao na kubaki hapo. Mwingine hufungua nipeli, hungoja mtiririko uishe, huifunga, ndipo pedali huachiwa. Ikiachiwa kabla nipeli haijafungwa, upepo hurudi ndani. Chupa ya juu isiachwe ikauke hata mara moja. Utaratibu wa kawaida ni kuanza na gurudumu lililo mbali zaidi na masta silinda, ingawa kitabu cha gari ndicho chenye neno la mwisho. Range Rover za zamani zina mipira miwili kwenye kila kalipa ya mbele, kwa hiyo zina zaidi ya nipeli moja ya kuhudumia. Land Cruiser nyingi zina vali ya kugawa nguvu ya breki kulingana na mzigo, iliyounganishwa na ekseli ya nyuma, na vali hiyo ina nipeli yake ambayo husahaulika. Mafuta yaliyokwisha kutoka hayarudishwi kwenye chupa hata yakionekana safi, na chupa iliyokaa wazi dukani au gereji kwa wiki kadhaa tayari imenyonya maji. DOT 3 na DOT 4 huchanganyika. DOT 5 ya silikoni haichanganywi na hizo kamwe. Mafuta yakidondokea rangi ya gari yamwagiwe maji mengi mara moja, kwani huibabua.

Gari halisogezwi hata hatua moja kabla pedali haijapigwa mara kadhaa hadi ikawa ngumu na ya juu. Pistoni zilikuwa zimesukumwa ndani kabisa, na mkanyago wa kwanza hauna breki ndani yake. Gari limewahi kugonga ukuta wa gereji kwa sababu hiyo pekee. Pedali ikishakuwa ngumu, hukandamizwa kwa nguvu zote kwa dakika nzima huku mtu mwingine akichungulia kila kiungio kwa tochi. Ikizama polepole, kuna mahali panapovuja au masta silinda imechoka. Kisha gurudumu huzungushwa kwa mkono: linapaswa kuzunguka likisikika kukwaruza kidogo tu.

Jaribio la barabarani huanzia kwa mwendo wa mtu anayetembea, mahali pasipo na watu, na huongezwa taratibu. Pedi mpya zinahitaji breki nyingi za wastani zenye nafasi ya kupoa kati yake, bila kusimama ghafla, hadi uso wake ukubaliane na diski. Baada ya kilomita 10 hivi za mwendo wa kawaida, gari husimamishwa na kiganja hukaribishwa kwenye rimu ya kushoto na ya kulia bila kuzigusa. Joto linatakiwa lilingane. Siku chache baadaye, chupa huangaliwa tena, viungio hufutwa na kukaguliwa, na nati za magurudumu hukazwa upya. Mafuta ya breki hubadilishwa yote kila baada ya miaka 2 hivi, mapema zaidi kwa gari linalovuka maji mara kwa mara, na kila mara pedi zinapobadilishwa raba za vumbi hukaguliwa kwa tochi, zote nane, pamoja na zile za upande wa ndani ambazo hazionekani bila kulala chini ya gari.